Tegu na simba: anzia kwenye chakula

Mdogo wangu, swali lako la kulinganisha tegu, yule mnyoo bapa wa utumboni, na simba kwa mtihani wa baiolojia si la mzaha. Wote wawili hupata chakula kwa mnyama mwingine, anzia hapo. Simba huua ndipo ale, ana meno na utumbo. Tegu hana mdomo wala utumbo: hufyonza kwa ngozi chakula ambacho mwenyeji wake, yaani mtu au mnyama aliyembeba tumboni, amekwisha kukimeng'enya, na mwenyeji akifa, naye hana pa kuishi. Hapo ndipo penye maksi. Uzazi utaje kwa kifupi: tegu mmoja ana jinsi zote mbili. Usiandike kwamba hunyonya damu, wengi huangukia hapo. Na ukiona pingili nyeupe chooni, yaani vipande vya mwili wa tegu, nenda zahanati, usijinunulie dawa.