Sikukata neno lake hata moja, mbona wanasema nimempotosha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga video za harusi na mikutano huku Kilosa. Mwezi uliopita nilirekodi mkutano wa kijiji kuhusu kisima na fedha za maji. Nilitumia kamera moja na lenzi ya milimita 24 hadi 70, nikatoa video ya dakika sita na nyingine fupi ya wima ya kurusha WhatsApp. Sasa mwenyekiti analalamika kwamba nimemfanya aonekane mkali na mkutano wake uonekane hauna watu. Kwenye majibu yake sikukata neno hata moja. Tatizo ni lenzi, ni uhariri, au watu ni wabishi tu? Na je, ninunue lenzi ndefu, ile ya kuvuta vilivyo mbali?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Video yako nimeitazama mara tatu, mara ya pili nikiwa nimezima sauti. Mwenyekiti analalamika kwa haki, na wewe hukusema uongo. Hayo mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana, ndiyo maana kazi yetu haiishi lawama. Uhariri nitaufikia, ila mengi yaliamuliwa kabla mkutano haujafunguliwa, pale ulipochagua mahali pa kusimika stendi.

Ukitaja "fremu" pale Kariakoo utatajiwa kodi ya mwezi. Sisi tunamaanisha zile kingo nne za picha. Mtazamaji hazioni. Kilichomo ndani anakichukua kuwa ndio mkutano wenyewe, na kilichobaki nje hakitafuti, maana hajui kama kipo.

Rudi dakika ya pili. Kamera imemkabili mwenyekiti peke yake. Mzee mmoja anauliza habari za risiti za mafundi, lakini maiki umeibana kwenye koti la mwenyekiti, kwa hiyo swali linasikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Tunachokiona ni mwanamume aliyekunja uso, yuko kimya sekunde kumi nzima, halafu: "Hilo tulishalimaliza." Wewe ulikuwepo, na umeniandikia mwenyewe kwamba swali hilo lilikuwa linaulizwa kwa mara ya tatu na katibu alishasoma risiti zote. Mimi niliye Dar namwona mtu anawafokea watu wasioonekana.

Jambo hili limepimwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Lassiter, na wenzake walianza miaka ya 1980 kuwaonyesha watu video za mtuhumiwa anayehojiwa na kukiri kosa. Mahojiano ni yaleyale, maneno ni yaleyale, ila kamera ziliwekwa tofauti: moja inamtazama mtuhumiwa, nyingine inamtazama mpelelezi, nyingine inawachukua wote wawili kwa ubavu. Waliomwona mtuhumiwa peke yake walielekea zaidi kusema amekiri kwa hiari yake. Maswali ya mpelelezi waliyasikia vizuri tu, lakini macho yalikuwa yameshampata mwenye mambo. Utafiti wa mwaka 2007 ukakuta kwamba hata majaji na maofisa wa polisi wanavutwa vilevile. Nyuzilandi walilichukulia kwa uzito, polisi wao wakaweka utaratibu wa kurekodi mahojiano kwa pembe inayowaonyesha wote wawili sawasawa. Mwenyekiti wako umemweka kwenye kiti cha yule mtuhumiwa. Kila kinachotokea mkutanoni kinaonekana kimeanzia kwake, hata pale anapojibu tu alichoulizwa.

Stendi nayo ilikuwa fupi. Yeye kasimama barazani, wewe uko uwanjani, kamera iko usawa wa kiuno chako, kwa hiyo tunamtazama kuanzia kidevuni. Wapiga picha za kampeni wanaitaka pembe hiyo, mgombea anakuwa jabali. Mtu aliyechoka na swali la tatu ukimpiga hivyo, anakuwa nyapara.

Sasa hao watu wachache. Ulisogea hadi safu ya mbele ukapiga kwa milimita 24, yaani upande mpana wa lenzi yako. Safu ya mbele kwenye mikutano yetu watu huikimbia, hilo hata si habari. Kwa ukaribu ule, viti vitano vya plastiki vimejaza nusu ya picha na watu wote walioketi nyuma wamekuwa punje. Ungerudi nyuma sana ukawavuta kwa milimita 200, watu haohao wangeonekana wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Mafundi wengi husema lenzi ndefu inabana watu. Kinachobana ni umbali. Lenzi inakata tu kipande cha kile ambacho jicho lako lingekiona ukiwa kulekule mbali. Mwaka 2020, wakati wa korona, wapiga picha wa shirika la Ritzau Scanpix la Denmark walilionyesha hili kwa kupiga mikusanyiko ileile kwa lenzi pana na kwa lenzi ndefu. Picha moja watu wameachiana nafasi, nyingine wamegandana kama waliopuuza agizo la serikali. Kwa hiyo ukinunua lenzi ndefu ili kumfurahisha mwenyekiti, utakuwa umehama upande mmoja wa kosa kwenda wa pili.

Uhariri sasa. Mwenyekiti anasema "fedha zipo," wewe unabandika mama aliyeinamisha kichwa. Nilipokuuliza ukasema mama huyo ulimpiga kabla ya mkutano, alikuwa anamfunga mtoto kanga. Kwenye video yako mama huyo hamwamini mwenyekiti. Wasomi wa filamu hapa humtaja Lev Kuleshov, Mrusi wa karne iliyopita. Kwa masimulizi ya Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, uso uleule wa mwigizaji Mozzhukhin uliunganishwa na bakuli la supu, na maiti ya mwanamke kwenye jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Watazamaji wakausifu kwa mawazo mazito, kwa majonzi na kwa furaha. Filamu yenyewe haikubaki, na waliojaribu jambo hilo baadaye hawakupata jibu moja kila mara, kwa hiyo siisimulii kama uchawi. Huyu mama wa kanga ananitosha.

Ile video ya wima ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Ulipokata pande zote mbili ili ienee kwenye simu, katibu amepotea, na yeye ndiye aliyeshika faili la risiti! Januari 2020 kule Davos, Uswisi, shirika la habari la AP lilipiga picha ya wanaharakati watano vijana wa tabianchi. Vanessa Nakate wa Uganda alisimama pembeni kabisa. Picha iliyorushwa ilikuwa na wanne, wote wazungu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mpiga picha aliikata kwa ajili ya mpangilio, kwa kuwa jengo lililokuwa nyuma ya Nakate lilivuruga picha. Ni sababu ya kifundi kabisa, kama yako. Baadaye shirika liliomba radhi.

Na hicho kichwa cha habari alichokuwekea rafiki yako, "MWENYEKITI AWAKA," kifute leo. Nikishakisoma, hata akikohoa nitaona anawaka.

Video inaokoleka. Umesema rafiki yako alirekodi kwa simu akiwa ubavuni. Anza na picha yake pana, ikae sekunde kumi, tuone baraza na wananchi pamoja. Pandisha sauti ya swali la mzee na uliandike chini ya picha, pamoja na maneno "swali hili limeulizwa kwa mara ya tatu," kwa sababu ni kweli. Mtoe yule mama. Kwenye ya wima usikate kitu: weka picha nzima, juu na chini pabaki peusi. Haipendezi, najua.

Safari nyingine simama ubavuni, pale unapoweza kumwona anayeuliza na anayejibu bila kugeuza kamera, na uinue kamera hadi usawa wa macho ya aliye barazani, hata ukilazimika kupanda juu ya meza. Simu yoyote nzima iache iwatazame wananchi tangu dua ya kufungua hadi ya kufunga, usiiguse.

Lenzi acha kwanza. Hela hiyo nunua maiki ya pili ya kupitisha kwa wanaouliza, na ikibaki, stendi ndefu.