Maswali ya Wasomaji: Kiti Mwendo na Foleni

Barua tatu za mwezi huu, kutoka Mtwara, Lindi na Masasi, zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu jambo moja: nafasi aliyotengewa mtu mwenye ulemavu na wale wanaoitumia bila kuihitaji. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Chikongola, Mtwara. Natumia kiti mwendo tangu nilipoanguka kutoka juu ya mnazi nikiwa na miaka 17. Sikukuu iliyopita binamu yangu anayeishi Marekani alirudi nyumbani likizo. Jioni moja barazani alisimulia jinsi yeye na rafiki zake watano walivyokwenda kwenye bustani kubwa ya burudani, wakakuta foleni za zaidi ya saa nzima juani, wakakodi kiti mwendo, wakawa wanakikalia kwa zamu na kupitishwa mlango wa pembeni. Akatuonyesha na picha kwenye simu. Watu walicheka sana, hata mjomba alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu pale pale, nikageuza magurudumu nikaingia ndani. Kesho yake nilipomwambia kwamba iliniuma, alijibu kuwa mimi ni mtani wake, nisikasirike, na kwamba bustani ile ni ya matajiri, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Je, nilikosea kuumia? Na ni kweli kwamba hakuna aliyeibiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kuumia, na aliyeibiwa yupo, ila binamu yako hakupata nafasi ya kumwona uso.

Nianze na huyo aliyeibiwa. Katika bustani za namna hiyo, magari ya mchezo yanayoweza kumpokea mtu akiwa amekaa kitini mwake ni machache, na kumhamisha mtu kutoka kitini hadi kwenye gari la mchezo huchukua muda. Zaidi ya hapo, michezo mingi huweka kikomo cha idadi ya watu wenye viti mwendo wanaoruhusiwa kuwa ndani kwa wakati mmoja, kwa kuwa moto ukitokea au mtambo ukikwama, watu hao wanapaswa kubebwa mmoja mmoja. Kwa hiyo vijana sita wenye afya waliopita mlango wa pembeni na kiti cha kukodi hawakumpunguzia tajiri hata senti moja, kwani kiingilio walikuwa wamekwisha lipa. Waliyempunguzia ni mtoto aliyeambiwa asubiri nje kwa sababu nafasi ya kiti imejaa.

Na kusubiri kwenyewe hakufanani. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa katika wodi ya majeruhi wa mifupa na uti wa mgongo, ambako vijana walioanguka kutoka juu ya minazi na mikorosho hawakuwahi kuniishia. Wewe unajua, lakini wasomaji wengine huenda hawajui, kwamba aliyeumia uti wa mgongo hulazimika kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili damu ipite kwenye makalio, la sivyo kidonda huanza mahali asipohisi maumivu, na kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi. Wengine, hasa walioumia sehemu ya juu ya uti, miili yao haitoi jasho inavyopaswa, hivyo joto huwapanda haraka. Wengine wana mpira wa mkojo au saa maalumu ya kwenda msalani. Saa moja ya foleni juani, ambayo kwa binamu yako ilikuwa uchovu na kiu, kwa mtu kama huyo ni hatari. Ndiyo sababu mlango ule ulifunguliwa.

Uliniuliza pia, katika ukurasa wa pili wa barua yako, mlango huo ulianzaje. Bustani ya burudani ya Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, ilijengwa wakati ambapo hakuna aliyefikiria kwamba mtu mwenye kiti mwendo atakuja kucheza: njia za foleni zilikuwa nyembamba, zenye kona za ghafla na ngazi. Kwa vile kiti hakikuweza kupita, wahusika walipitishwa mlango wa kutokea, na ikawa, bila mtu kukusudia, kwamba anayepita huko huwahi kuliko aliye kwenye foleni. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu ilitiwa saini mwaka 1990, na michezo iliyojengwa baadaye ikawekewa foleni pana ambamo kiti hupita pamoja na watu wengine wote, bila kumtangulia yeyote. Lakini michezo ya zamani ilibaki, na milango yake ya nyuma ikabaki.

Wajanja wakauona mwanya huo. Mwaka 2013 magazeti ya New York yaliandika kwamba familia tajiri za huko zilikuwa zinamkodi mtu mwenye ulemavu awaongoze katika bustani za Disney mjini Orlando, kwa dola 130 kwa saa, ili watoto wao wapite naye mlango wa pembeni kama ndugu zake. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliiweka simu chini, nikakaa kimya kwa muda. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo Disney waliifuta kadi ya zamani ya msaada, ile iliyompitisha mtu mlango huo, na kuleta utaratibu mpya: asiyeweza kusimama kwenye foleni hupewa saa ya kurudi inayolingana na urefu wa foleni yenyewe, akangoje kivulini au popote panapomfaa. Hamtangulii mtu; anangoja kwa namna nyingine. Hata kwenye michezo ya zamani isiyopitika kwa kiti, sasa hutolewa saa ya kurudi.

Hata hivyo udanganyifu haukwisha, na mwaka 2024 masharti yakakazwa tena. Huduma hiyo sasa hulengwa zaidi kwa wenye usonji na hali nyingine za maendeleo ya ubongo zinazofanana nao. Mwombaji huhojiwa kwa video, na anayebainika kudanganya anaweza kupigwa marufuku ya kudumu. Matokeo yake, watu wengi wenye maradhi mengine, ambao miaka yote waliitumia huduma ile kwa haki, walijikuta wamekataliwa, na mwaka 2025 kesi ikafunguliwa California. Mpelekee binamu yako habari hiyo. Kila mtu aliyekikalia kiti kwa zamu alichangia kujenga ukuta ambao leo unamzuia mgonjwa wa kweli, na wa kwanza kuugonga ukuta huo si yeye.

Sasa kuhusu utani. Ni kweli, binamu kwa binamu kwetu ni watani, na ninyi mna haki ya kuambiana mengi ambayo kaka na dada hawaambiani. Lakini utani una mtu na mwenzake: anakurushia, nawe unamrudishia, wote mnacheka. Binamu yako hakukurushia neno la kujibu. Alisimulia tendo alilowafanyia watu wasiomjua, mbele yako, kana kwamba hukuwapo. Hilo si utani, na una haki ya kumwambia hivyo.

Ushauri wangu ni huu. Usimfokee, wala usilipeleke shauri barazani walikochekea. Anza na mjomba, umweleze faraghani, kwa sababu naamini alicheka kwa kufuata kicheko cha wengine, na neno lake litamfikia binamu yako kuliko langu. Kisha, binamu akirudi likizo nyingine, mwombe akusindikize siku moja kwenda Msangamkuu kwa kivuko. Usimwambie akikalie kiti, mwambie asukume. Asukume mpaka gatini, ayahisi magurudumu madogo ya mbele yanavyozama kwenye mchanga, angoje pale maji yanapokupwa na mteremko kuwa mkali, ajue ni watu wangapi wanahitajika kukuingiza na ni wangapi watajifanya hawakuoni. Mkifika ng'ambo, mzungumze. Naomba uniandikie ilivyokuwa.

SWALI: Dada yangu mpendwa, mimi ni mstaafu hapa Lindi na hupewa kazi ya kusimamia lango katika maonyesho na sherehe. Safari moja msichana alifika kwenye kiti mwendo, nikamfungulia lango la pembeni ili asipange foleni. Baada ya nusu saa nikamwona ndani amesimama, anatembea kwenda kununua juisi ya miwa. Nilimwita tapeli mbele za watu. Akalia, akaondoka. Mke wangu ananilaumu mpaka leo. Nitawatambuaje waongo bila kuwaumiza wakweli?

JIBU: Kaka yangu, pole kwa kazi, lakini nasimama na shemeji. Uwezekano mkubwa ni kwamba ulimdhulumu yule binti.

Watu wengi wanaotumia viti mwendo wanaweza kusimama, na wengine wanaweza kutembea hatua kadhaa. Mgonjwa wa moyo hutembea hatua ishirini akaishiwa pumzi. Mwenye selimundu leo anatembea, kesho viungo vinamwaka moto. Aliyepata kiharusi anajifunza upya kukanyaga, na daktari mwenyewe amemwagiza asimame kila anapoweza. Aliyekatwa mguu huvaa mguu wa bandia mpaka kisiki kinapochubuka, ndipo hukaa kitini. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazil, picha za mashabiki waliosimama kutoka kwenye viti mwendo zilisambaa, na dunia nzima ikawa hakimu. Mimi sikuweza kuhukumu kwa picha, na wewe usihukumu kwa glasi ya juisi.

Waongo wapo, sikatai. Katika viwanja vya ndege vya Marekani, wahudumu husimulia abiria wanaoomba kiti ili wapande ndege mapema, kisha wakifika waendako wanashuka kwa miguu yao na mabegi mabegani. Lakini jicho la mlinda lango si kipimo cha ugonjwa, na ukianza kudai vyeti vya daktari langoni, mwongo atakuja nacho na mkweli atakuwa amekisahau nyumbani.

Kwa hiyo badilisha swali lako. Usimuulize mtu anaumwa nini; muulize, «Nikusaidieje?» Anayehitaji atakujibu mara moja na kwa undani: anataka njia isiyo na ngazi, au mahali pa kukaa, au choo cha karibu. Asiyehitaji chochote isipokuwa kuwahi hujikanyaga katika kujibu, nawe bado hulazimiki kumwaibisha.

La pili, na hili ndilo ningelipigania kama ningekuwa kwenye kamati yenu, ni lango lenyewe. Watu hudanganya zaidi mahali ambapo foleni ni mateso. Wekeni turubai la kivuli, mabenchi kando ya foleni, na namba za karatasi kama benki, ili kila mtu angoje akiwa amekaa na zamu yake isipotee. Lango kuu nalo lipanuliwe na kuwekewa mteremko wa saruji badala ya ule ubao unaotikisika, ili mwenye kiti apite na wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo ya umma yafikike, kwa hiyo hamtakuwa mnamfadhili mtu. Siku kiti mwendo kitakapokuwa hakimpi mtu chochote zaidi ya kumfikisha, hakuna kijana mwenye miguu mizima atakayetaka kukaa ndani yake juani.

Na yule binti, kama Lindi si kubwa kiasi cha kumkosa, mtafute umwombe radhi. Ulimwita tapeli mbele za watu, kwa hiyo nenda na mtu mmoja aliyekuwapo.

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Masasi. Mwanangu wa kiume ana miaka 7 na ana usonji. Anatembea na kukimbia vizuri, kwa hiyo ninapoomba tupishwe kwenye foleni ya mabembea au hata ya hospitali, watu hunipigia kelele kwamba namtumia mtoto kuwahi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanaokupigia kelele wamekwisha kutana na waongo, na wewe ndiye unayelipa deni lao. Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza kuwapa watu wenye ulemavu usioonekana utepe wa kijani wenye maua ya alizeti wa kuvaa shingoni, ili wahudumu waelewe bila mtu kujieleza kila hatua. Kwetu utepe huo bado si jambo la kawaida, kwa hiyo sentensi moja fupi ndiyo utepe wako: «Mwanangu hawezi kukaa kwenye kelele.» Usieleze zaidi, huna mashtaka ya kujibu.

Kisha usiombe kupishwa panapowezekana kungoja kwa njia nyingine. Nenda na dada yake au jirani, yeye ashike nafasi, wewe umzungushe mtoto chini ya miembe mpaka zamu ikaribie. Mnapoanza, mwonyeshe mtoto kwa aliye nyuma yenu, umwambie kwamba mko pamoja na mtarudi, ili mtakaporudi awe wa kwanza kuwatetea.