Ujiji: anzeni nje, chini ya miembe

Swali lenu la wiki hii linauliza ni bustani au eneo gani la kihistoria mkoani kwetu ambalo familia inaweza kulitembelea kwa nusu siku, na litembelewe vipi. Kwa Kigoma jibu ni kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji, mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Wengi hufika pale, hukimbilia ukumbini kupiga picha na sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana, kisha baada ya robo saa wanatoka wakilalamika kwamba hakuna cha kuona. Kilichopo kiko nje, na ndiko pa kuanzia.

Kutoka Kigoma mjini, panda daladala ya Ujiji inayopitia Mwanga na umwambie konda unashukia kwa Livingstone. Sehemu iliyobaki unatembea au unachukua bodaboda. Fika saa mbili au saa tatu asubuhi. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linakuwa mgongoni mwako na picha zinatoka safi. Mchana linageuka na kukupiga usoni. Kiingilio ulizia mlangoni, beba kitambulisho na hela ndogondogo, na udai risiti.

Mwombe mwongozaji aanzie kwenye mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba. Kibao chake kinataja 10 Novemba 1871, tarehe aliyoishika Stanley. Shajara ya Livingstone inayaweka makutano hayo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu za siku ziliwapotea, hivyo mtoto akiuliza nani kapatia, mpeni sababu hiyo. Mwembe ambao walikutana chini yake ulishakufa zamani. Inayotoa kivuli leo ni miembe iliyopatikana kwa vipandikizi vyake. Wakatazeni watoto kuchonga majina kwenye gamba, maana kila kidonda ni mlango wa ukungu na wadudu, na uzao wa mwembe ule hauna mbadala.

Hapo sasa simameni mjiulize: ziwa liko wapi? Wasafiri wa karne ya 19 waliiandika Ujiji kama mji wa ufukweni, ilhali kutoka mnarani leo ni mwendo wa dakika kadhaa kabla ya kuona maji. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na mimea, maji yakajaa mpaka yakazibua kizuizi hicho mwishoni mwa miaka ya 1870. Katika miaka iliyofuata kina kilishuka kwa takriban mita 10. Pwani ya Ujiji ni tambarare, kwa hiyo kila mita iliyoshuka iliacha eneo kubwa la nchi kavu. Bila maelezo haya bustani inaonekana imewekwa mahali pasipo na maana.

Ukumbini ulizeni habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, kwa sababu bila kuulizwa huenda zikapitwa haraka. Susi ndiye aliyekimbia kumpa Livingstone habari kwamba mzungu anakuja. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Walipopita Unyanyembe, Tabora, Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike hapohapo, wakakataa. Mtoto akitoka na hilo moja, safari imelipa.

Kisha teremkeni kwa miguu hadi ufukweni. Mkikuta mafundi wanaunda mitumbwi, tazameni wanavyokalafati, wakishindilia pamba kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Pamba ikilegea hata kidogo, chombo kinavuja. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msiingie majini penye majani na maji yaliyotulia, kwani konokono wa kichocho hupenda pale. Anayetaka kuona milima ya Kongo ng'ambo aje siku iliyofuata mvua. Mwezi wa Agosti ukungu wa kiangazi huificha kabisa.

Walimu wenye darasa zima wasiingize wote ukumbini kwa mpigo, maana wa nyuma hawasikii kitu na wanaanza fujo. Nusu ikae chini ya miembe, nusu iingie, halafu zibadilishane. Ijumaa malizeni kabla ya saa sita, au njooni baada ya swala. Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na mavazi ya heshima huwafungulia wageni mazungumzo barazani.

Anayerudi kwa treni kupitia Tabora na ana siku ya ziada aende Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Apatane na bodaboda bei ya kwenda na kurudi kabisa, amwombe dereva amsubiri, kwani usafiri wa kurudia huko ni wa kubahatisha.