Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Watu Wawili Ichaguliwe na Anayekaa Nyuma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari na ninaishi Lushoto na mke wangu, ambaye ni muuguzi. Karibu kila mwisho wa wiki tunateremka Mombo kwa wazazi wake na kupanda tena jioni. Pikipiki niliyo nayo, ya cc 100, imechoka: kwenye kona za kabla ya Soni inanilazimu kurudi gia ya pili, na tukifika nyumbani mke wangu hulalamika kiuno na magoti. Nimeweka akiba ya kununua pikipiki mpya, na dukani nimeoneshwa Bajaj Boxer, TVS HLX na Honda, za cc 125 hadi 150, ilhali rafiki zangu wananishauri nichukue ile ndefu ya porini. Mimi nina kilo 78, mke wangu kilo 66, na aghalabu tunabeba mfuko wa kilo 15 hivi. Nichague ipi ili yeye asafiri kwa raha?
Mwalimu, Lushoto

JIBU: Ndugu Mwalimu, swali lako limenifurahisha kwa sababu wanunuzi wengi huuliza mwendo na ulaji wa mafuta, kisha abiria hupewa nafasi iliyobaki. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: nenda dukani na mke wako, na pikipiki ambayo yeye hakuikalia usiilipie. Wewe una usukani wa kushika, una tangi la kubana kwa magoti, na unaliona shimo kabla ya kulifikia, hivyo mwili wako hujiandaa. Aliye nyuma hana hata kimoja kati ya hivyo, na juu ya hayo amekaa karibu kabisa na gurudumu la nyuma, mahali ambapo kila kishindo cha barabara hufika kikiwa bado na nguvu.

Mkifika dukani, kaa wewe kwanza huku pikipiki ikiwa wima, miguu yako chini, kisha yeye apande na mkae hivyo kwa dakika kumi bila haraka, hata muuzaji akinung'unika. Tazama magoti yake. Yakiinuka juu kuliko nyonga, uzito wote huangukia makalio na mgongo wa chini hujikunja, na hicho huenda ndicho chanzo cha maumivu ya kiuno na magoti anayoyapata sasa. Tazama pia anakoishia kiti: mfupa wa chini wa mgongo usigusane na chuma cha keria, na kati yenu pabaki nafasi kidogo ili ukifunga breki asikugonge kwa kofia yake. Kiti kirefu na kilicho bapa kinafaa kuliko kile chenye ngazi, ambacho humwinua abiria juu na kumsukuma mbele. Sponji isikudanganye kwa ulaini wake wa dukani; ile laini sana hubonyea hadi chini kabla ya nusu ya safari, na kuanzia hapo mtu anakaa juu ya bati.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nami naliona kuwa zito kuliko yote, ni mahali vilipofungwa vikanyagio vya abiria. Katika baadhi ya pikipiki ndogo vikanyagio hivyo vimefungwa kwenye uma wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, na vinapanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo shokapu hazimsaidii abiria miguuni hata kidogo: kila jiwe linampiga nyayo na kupanda hadi magotini. Katika nyingine vimefungwa kwenye fremu, na hapo shokapu hufanya kazi yake kwa mwili wote. Kupima ni rahisi. Inama kando ya pikipiki, mwombe mtu akandamize kiti kwa nguvu, na utazame kama kikanyagio kinashuka pamoja na kiti au kinabaki pale pale na gurudumu. Kikibaki na gurudumu, tafuta pikipiki nyingine.

Sasa tuje kwenye uzito. Ninyi wawili na mfuko wenu ni kilo 159. Fungua kitabu cha pikipiki utafute mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa, na ukikuta namba iliyo chini ya hiyo, pikipiki hiyo haiwafai hata ikiwa imesifiwa na mji mzima. Halafu soma ubavu wa tairi la nyuma. Maandishi kama 3.00-17 50P yana maana kwamba tairi lina upana wa inchi 3, linavaa rimu ya inchi 17, na namba 50 inaonesha kwamba linaweza kubeba hadi kilo 190 likiwa na upepo unaostahili. Kwa makadirio yangu, ukijumlisha sehemu ya uzito wa pikipiki yenyewe, uzito wa mke wako na mfuko ambao karibu wote umekaa nyuma, pamoja na sehemu kubwa ya uzito wako, gurudumu lenu la nyuma linakaribia sana kiwango hicho. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa vipimo viwili vya upepo wa tairi la nyuma, kimoja cha mtu mmoja na kingine cha juu zaidi cha watu wawili, na ndiyo maana sipendi kuona tairi la nyuma lililopunguzwa upepo eti safari iwe laini. Tairi la namna hiyo hupata joto na huyumba kwenye kona.

Kuhusu shokapu, pikipiki nyingi za daraja hili zina shokapu mbili za nyuma zenye hatua za kukazia springi, kwa kawaida tano, zinazozungushwa kwa spana ya ndoano inayokuja na vifaa. Wengi hawajawahi kuigusa spana hiyo tangu siku ya kununua. Ukiwa peke yako hatua ya kwanza au ya pili inatosha. Mkiwa wawili panda hadi ya nne, pande zote mbili sawasawa, kwa kuwa springi iliyolegea hufika mwisho wake kwenye shimo na kishindo chote humwendea abiria. Bajaj huweka kwenye Boxer springi mbili, moja ndani ya nyingine, kwa ajili ya mizigo mizito, na mpangilio huo unawafaa watu wa barabara kama zenu.

Injini nayo ina neno lake katika raha, hasa huko kwenu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko juu ya mita 1,000. Kwa hiyo ile cc 125 inayoonekana hodari Tanga mjini haitakuwa na uhodari uleule mlimani ikiwa imebeba watu wawili. Injini inayosukumwa hadi ukomo wake hutetemeka, na dereva hubadilisha gia mara kwa mara, na kila badiliko humtikisa aliye nyuma. Mimi ningechukua cc 150. Hakikisha tu kwamba leseni yako ni daraja A, kwa sababu A1 imewekwa kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 125. Chagua pia iliyo na breki ya diski mbele, kwani mteremko wa kurudi Mombo ni mrefu na breki za dramu zikipata joto hupungua nguvu. Usishuke kwa frii kamwe; weka gia ya pili au ya tatu ili injini ikusaidie kuizuia.

Pikipiki ndefu za porini, kama Honda XL 125 na Yamaha DT 125 tulizozoea kuwaona nazo mabwana shamba, zina shokapu zenye mwendo mrefu na husamehe mashimo. Hata hivyo kiti chake ni chembamba na kiko juu, na mke wako atalazimika kuparamia kila mnapopumzika. Kwa kuwa barabara yenu kuu ni ya lami, sioni faida ya kumpa adha hiyo.

Kama mke wako huvaa gauni au kanga na hupenda kukaa upande, kuna jambo lisilo la hiari. Nchini India, ambako Boxer na HLX zilibuniwa, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki ya abiria iwe na mshikio wa kudumu, mahali pa kuweka miguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Pikipiki zinazouzwa huku si zote zinazokuja na kinga hiyo. Uliza kama ipo. Kama haipo, fundi wa kuchomelea ataitengeneza kwa gharama ndogo, maana kanga iliyoingia kwenye spoku au cheni humvuta mtu chini mara moja. Hata akiwa na kinga, ningemsihi avae suruali na akae kwa kutanua miguu, kwani uzito wake ukiwa katikati pikipiki haivutwi upande mmoja. Apande na kushuka kwa upande wa kushoto, mbali na ekzosi.

Kati ya Boxer 150 na HLX 150, basi, chukua ile ambayo mke wako ameikalia dakika kumi bila kujisogeza-sogeza. Na maumivu yake yakianza kushuka mguuni au kuleta ganzi, aonane na daktari kabla ya safari nyingine.

SWALI: Sina fedha za pikipiki mpya. Je, nikibadilisha kiti cha Boxer yangu ya miaka mitano, mama yangu atapata nafuu?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Atapata, lakini anza na shokapu. Zikiwa zinavuja mafuta au zikidunda zaidi ya mara moja baada ya kukandamizwa, kiti kipya hakitasaidia kitu. Ukishazibadilisha, mpelekee fundi wa viti, umwambie aweke sponji ngumu chini na tabaka jembamba la sponji laini juu, na asiongeze kimo kwa zaidi ya sentimeta mbili au tatu, maana mama akiinuliwa mno atashindwa kupanda. Mwombe pia fundi wa kuchomelea amwekee mshikio imara nyuma ya kiti, ulio kwenye kimo ambacho mikono yake inafika bila kujikunja.