Usiweke breka ya 32 kabla boksi halijafunguliwa

Kaka, umesema breka ya ampea 20 inakata ukiwa katikati ya kupasua mbao, na kuna aliyekushauri uweke ya 32, kazi ya dakika tano. Dakika tano ni kweli. Lakini usifanye. Breka inalinda waya ulio ukutani, msumeno wako haiujui. Waya wa milimita 2.5 unaotoka kwenye boksi la breka na kuishia kwenye soketi unalindwa na 20. Ukiweka 32, waya utapata moto ndani ya ukuta na breka imetulia tu. Hiyo 32 utaiona kwenye nyumba zilizofungwa ringi, ambapo waya unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Usiige.

Kilichonifanya niandike ni lile ulilotaja kwa kupita tu, kwamba boksi huwa vuguvugu na lina kaharufu. Mimi nina karakana ya useremala nyuma ya nyumba, Mamboleo. Plastiki ya vifaa vya stima ikianza kuungua hunuka kama samaki, na hapa Kisumu harufu ya samaki itamshtua nani? Mke wangu alikuwa na hakika ni omena za jirani. Ila ilikuja randa ikifanya kazi, randa ikizimwa inapotea. Omena hazina tabia hiyo.

Fundi alipozima meni swichi na kutoa kifuniko, nyutro ya laini ya soketi, yaani waya unaorudisha stima, ilikuwa imegeuka rangi ya chai, ganda limekauka, ukilikunja linapasuka. Skrubu ilizunguka karibu mzunguko mzima ndipo ikakaza. Aliyefunga mwanzo hakuumenya waya vya kutosha, kwa hiyo skrubu ilikuwa imebana ganda pamoja na shaba. Breka haikuwahi kukata, na isingekata, maana stima iliyopita ilikuwa ya kiwango cha kawaida. Ila pale kwenye skrubu ilipita kwa shida, na shida hiyo hugeuka joto. Ampea 15 zikipita kwenye kiungo chenye omu 0.2 tu (omu hupima ugumu wa stima kupita), pale pana wati 45: ni kama kuacha chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kimewashwa ndani ya boksi.

Sasa angalia yako inakata lini. Ikikata papo hapo ukibonyeza swichi, huenda ni mvuto wa kwanza wa mota, ile stima nyingi inayovuta ikianza kuzunguka. Breka ya aina B hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na 5 ya kiwango chake, aina C kati ya 5 na 10, kwa hiyo C20, yaani aina C ya ampea 20, inaweza kukufaa, mradi fundi apime ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, kwanza. Soma usoni mwa breka, imeandikwa. Ikikata baada ya kazi ya muda, basi ni mzigo au ni joto. Ndani mna bamba la metali linalopinda likipata moto, nalo halitofautishi joto la mzigo na la skrubu iliyolegea jirani yake.

Usifungue mwenyewe. Hata meni swichi ikizimwa, upande unaotoka kwenye mita bado una stima. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na asikaze tu: akate sehemu iliyoungua, amenye upya, abane shaba tupu. Mwambie pia azibe matundu yasiyo na breka, vumbi la mbao huingia humo likalala juu ya viungo.

Kizima moto cha poda au cha kaboni dioksidi kitundike karibu na mlango, usikiweke chini ya boksi, maana pakiwaka hutakifikia. Maji hapana. Thina na vanishi zihamishe kabisa upande ule.

Na ukinunua waya, kwangua ncha kwa kisu pale pale dukani. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Mrudishie mwenyewe.