Namba za Kulwa na Doto zimekuwa moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa huku Ifakara. Tumeambiwa tupeleke orodha ya wanachama na namba zao za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, ndo tufikiriwe mkopo, nimekaa usiku mzima nachapa kwenye Excel, asubuhi naangalia namba zimegeuka kitu kama 1.98506E+19, nikatanua kolamu na kubadili fomati zikarudi ila mwishoni zote zina masifuri matano. Wachache tu ndo wako sawa. Kibaya zaidi tuna mapacha, Kulwa na Doto, sasa hivi namba zao ni moja kabisa. Hii laptopu ina virusi au?

JIBU: Marahaba katibu, na pole sana kwa huo usiku. Virusi hakuna, laptopu yako nzima kabisa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel ikipokea kitu ikakiona ni namba inashika tarakimu 15 za mwanzo tu, zinazobaki inaziandika sifuri, ndivyo ilivyoundwa. Tuchukue namba ya kubuni, ukichapa 19850607234567890123 ukabonyeza Enter, kinachobaki mle ndani ni 19850607234567800000. Ile 90123 ya mwisho haijafichwa mahali, imeshaondoka.

Kwa nini 15? Kompyuta kila namba inaiwekea kisanduku, na kisanduku cha kawaida kina biti 64, biti moja ni kijinafasi cha kuweka 0 au 1 basi. Kwa utaratibu uliokubalika tangu 1985, unaitwa IEEE 754, uwezo wa kubeba tarakimu zenyewe ni biti 53, nafasi zingine zinatunza alama ya chanya au hasi na mahali nukta inapokaa. Biti 53 zinahesabu moja moja bila kuruka mpaka 9,007,199,254,740,992, ukijumlisha 1 hapo jibu linabaki lilelile, maana kuanzia hapo namba witiri hazina pa kukaa tena. Hiyo namba ina tarakimu 16, kwahiyo Excel inasimamia 15 ambazo ina uhakika nazo. Kwa mahesabu ya pesa ya kikundi zinatosha na kubaki. Ila namba ya NIDA hatuijumlishi wala hatuizidishi, ile ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwahiyo mapacha lazima wafanane mwanzoni, kinachowatenganisha Kulwa na Doto kiko mkiani na mkia ndo umekatwa.

Na hao wachache walio sawa, hebu kaangalie, nadhani uliwachapa na vistari katikati kama vilivyo kwenye kitambulisho. Kistari kinaifanya Excel ione ni maandishi, ikayaacha kama yalivyo.

Cha kufanya: chagua kolamu nzima kabla hujachapa chochote, badilisha fomati iwe Text, ndo uanze. Au anza kila namba na kile kialama ' halafu endelea. Ukibadilisha fomati sasa hivi haisaidii, tarakimu zilizoondoka hazirudi, itabidi uombe vitambulisho upya ukae navyo kimoja kimoja. Najua inauma, ila naomba sana usikisie hata tarakimu moja, hiyo ni mikopo ya watu na mtu mmoja akisomeka ni mwingine kuja kunyoosha ni kazi. Na ukishamaliza, ukitumiwa faili la CSV, yani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, lenye namba hizo usilifungue kwa kulibonyeza mara mbili ukasevu, utarudi palepale ulipotoka. Namba za simu kupoteza sifuri ya mbele nayo ni ugonjwa huohuo na dawa ni hiyohiyo.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Binti yangu yuko darasa la nne, juzi kaniuliza baba namba ya mwisho ni ngapi, nikamwambia hakuna mwisho. Kaka yake akadakia kwamba kompyuta inaijua, ameona kwenye somo la programu imeandika "infinity". Nani yuko sahihi? Nipo Tanga.

JIBU: Nzuri baba, wewe uko sahihi. Mwambie akutajie yoyote anayoijua, wewe ongeza moja.

Ila twende taratibu, maana hapa mtoto anaweza kuona mwenyewe. Kama bao lipo nyumbani lileteni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kwa kete ya kwanza weka punje 1 ya mchele, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila kete mara mbili ya iliyotangulia. Kete ya 11 ni punje 1,024, bado mnacheka. Kete ya 21 zinapita milioni moja, hapo ni kilo 20 na ushee. Mkifika ya 64 jumla yote ni punje 18,446,744,073,709,551,615, dunia nzima ingelima mpunga mamia ya miaka ndo uipate. Na hiyo ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia kwenye kisanduku cha biti 64 kikiwa cha namba nzima chanya, maana kila biti inafanya kazi kama kete, inaongeza mara mbili. Kompyuta inayohesabu bilioni moja kwa sekunde, ikianza leo moja, mbili, tatu, itaifikia baada ya miaka 584 hivi. Halafu kuna googol, yani 1 na sifuri 100 nyuma yake. Kompyuta hiyohiyo ingehitaji sekunde ambazo ukiziandika ni tarakimu 92, wakati umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, kwa sekunde ni tarakimu 18 tu. Na googol nayo ukiongeza moja inapitwa.

Hiyo "infinity" ya kaka mtu ni kibao. Kile kisanduku cha namba zenye nukta, nilichomweleza katibu hapo juu, dari lake ni karibu 1.8 mara kumi kwa kipeo cha 308, hesabu ikipita hapo kompyuta haina pa kuiweka inatundika kibao kwamba imezidi. Mwambie ajaribu mwenyewe kutoa infinity kwenye infinity, haitamletea sifuri, itamwandikia NaN, maana yake hii sio namba.

Isiyo na mwisho yenyewe ni jambo lingine, na ni zuri mno. Andikeni 1, 2, 3, 4, chini yake 2, 4, 6, 8, mchore mstari kutoka kila namba ya juu kwenda kwa mwenzie wa chini. Kila mmoja ana mwenzie, hakuna anayebaki, kwahiyo namba shufwa sio chache kuliko namba zote, ingawa macho yanakataa. Georg Cantor huko Ujerumani akaenda mbali zaidi, mwaka 1891 akatoa uthibitisho mfupi kwamba ukizipanga hivyo desimali zote zilizo kati ya 0 na 1 daima utabakiza, unachukua tarakimu ya kwanza ya desimali ya kwanza unaibadili, ya pili ya desimali ya pili unaibadili, unaenda hivyo, unapata desimali ambayo haipo popote kwenye orodha. Kwahiyo hata kutokuwa na mwisho kuna kukubwa na kukubwa zaidi. Mi nilipoelewa hilo mara ya kwanza sikulala vizuri. Binti yako usimharakishe, anzeni na mistari.

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko kidato cha tano PCM. Kikokotoo changu 69! kinatoa, nikiweka 70! kinaandika Math Error. Mtihani ukija na 100! nafanyaje?

JIBU: Marahaba. Kwa wasiojua, 69! ni 1 × 2 × 3 kuendelea hivyo mpaka 69. Hakijaharibika, vikokotoo vingi vya sayansi dari lake liko chini ya 10 kwa kipeo cha 100. 69! ni kama 1.71 mara kumi kwa kipeo cha 98, imepita kwenye mlango kwa kuinama, ukizidisha kwa 70 inagonga. Sasa we usikipe namba nzima, kata kwanza kwenye karatasi. Ukiambiwa uchague watu 3 kati ya 100, usiandike 100! gawanya kwa 97! na 3!, ile 97! inafutana juu na chini inabaki 100 × 99 × 98 gawanya kwa 6, jibu 161,700, na hapo hata kikokotoo cha dukani kinatosha. Ukitaka kuiona 100! kwa macho yako tumia Python, ile lugha ya programu, kwa namba nzima inaongeza visanduku kadiri memori inavyoruhusu, itakushushia tarakimu zote 158, na hizo sifuri 24 za mwisho jaribu kueleza zimetoka wapi kabla hujamuuliza mtu, anzia kwenye 5.