Kwa nini PET ya moyo baada ya CT?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini daktari amemwagizia baba yako kipimo cha PET (picha zinazofuatilia dawa ya mionzi mwilini) ilhali CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) tayari imeonyesha mshipa wa moyo umekuwa mwembamba kwa nusu. CT huonyesha umbo la mshipa, lakini peke yake haithibitishi kama misuli ya moyo inapata damu ya kutosha. Katika PET, dawa ya mionzi kama rubidi-82, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya sekunde 76 hivi, huingizwa mshipani moyo ukiwa umetulia, kisha tena baada ya dawa ya kutanua mishipa, kwa mfano adenosini. Kwa mtu mwenye afya, mtiririko wa damu huongezeka takribani mara tatu au zaidi. Mtiririko huo usipofikia hata mara mbili, hatari huwa kubwa zaidi, hata pasipokuwa na mshipa ulioziba waziwazi, kwa sababu huenda mishipa midogo isiyoonekana kwenye CT imeathirika. Kwangu mimi, kugundua hali hiyo ndiyo faida kuu ya PET.

Tafadhali baba asinywe chai wala kahawa kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kipimo, kwani kafeini hupinga kazi ya adenosini, na kama ana pumu, daktari aelezwe mapema. Kifua kikimbana hata akiwa amepumzika, mpelekeni hospitali mara moja, msisubiri tarehe ya kipimo.